Mto wa Kokwa

Jina la mji wa Łódź maana yake mashua.
Usitafute maji. Mito yake kumi na ushei
ilifukiwa zamani, chini ya viwanda vya pamba,
hupita gizani, chini ya lami na reli,
na juu yake Dobrochna huendesha tramu.

Saa kumi alfajiri, Februari, depo imeganda.
Amevaa suruali mbili. Ameingia mwezini jana usiku
na chango limemkamata palepale lilipomwacha Januari,
kama mdai anayeujua mlango.

Vidonge, hapana. Vidonge vilimtoboa tumbo
akiwa na miaka ishirini na tisa; akatapika damu nyeusi
kwenye sakafu ya duka la mikate,
na daktari akamwambia: hivi, basi tena.
Tangu siku hiyo kila mwanamke wa Łódź ana dawa yake,
na kila dawa ina binamu aliyepona.

Mama mkwe, Leokadia, alimchemshia majani
ya ua jeupe liotalo kando ya reli.
Chungu, shubiri afadhali. Akanywa mwezi mzima.
Alichopata ni kubanwa na haja ndogo
vituo saba kabla ya mwisho wa njia.

Mtu wa sindano alimchoma kumi na sita, za mguuni.
Mbona mguuni? Panapouma ni hapa!
Akalala kama nungunungu, akasinzia,
na kwa saa mbili, haki ya Mungu, palitulia.
Kisha akaiona bei.

Żaneta, dada yake, kwa simu: tandaza zulia,
panua magoti, pumua, jione wewe ni ua linafunguka.
Alijiona Dobrochna, kilo themanini na mbili,
paka akimtazama kwa huruma.

Sasa huyu Zenobiusz, fundi wa breki,
mwaka mmoja na nusu astaafu,
neno lake kubwa ni "sawa".
Alimwona siku moja amejikunja juu ya usukani,
paji la uso kwenye kioo chenye barafu.
Hakuuliza. Alipita na spana yake.

Kesho yake, kitini: mto mdogo,
umeshonwa kwa kitambaa cha pajama za mistari,
ndani yake kokwa za cheri.
"Wa marehemu mke wangu. Oveni ya kantini, dakika kumi.
Usiuunguze."
Hotuba ndefu kuliko zote kwa miaka kumi na mmoja,
akaenda zake kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Dobrochna ameuweka chini ya koti, juu ya kinena.
Kokwa zinateleza, zinatafuta mahali pa kukaa,
kama kuku wanaolala.
Joto linaingia polepole, bila kubisha.
Chango halikuondoka, nisikudanganye.
Limekaa tu, limekata tiketi,
limeacha kupiga kelele.

Anamfikiria mwanamke yule asiyemjua:
kiangazi kizima akila cheri na kutema, kutema,
akichemsha kokwa, akianika dirishani,
elfu moja, labda mbili, mpaka mto ukajaa.
Hakuna mtu anayekula cheri nyingi hivyo kwa raha tupu.
Naye alijikunja, basi. Naye alikuwa na mlango unaojulikana.

Kituo cha tatu anapanda mtoto na begi la shule,
ananusa, anasema kwa sauti: tramu inanuka jamu!
Abiria wote wananusa. Mzee mmoja anavua kofia.
Dobrochna anatazama mbele, masikio yamemwiva.

Chini ya magurudumu mito ya zamani inapita gizani
na juu yake, kwenye mji uitwao mashua,
mwanamke ameleta mto wake mwenyewe.

Lakini mto hupoa baada ya dakika arobaini
na njia nzima ni hamsini na tano.
Hizo kumi na tano zilizobaki
anaziendesha kwa meno.